Watani Wamelala Njiani

Bibi Djénan alikuwa anakwenda kuzikwa bila hata tusi moja.

Boinan, mjukuu wake, aliligundua hilo kabla hajashuka kwenye lori. Alikuwa amesafiri kutoka Abidjan na wanawake wenzake wa soko la Adjamé, wamekaa juu ya matenga matupu, na tangu walipoipita Bouaflé alikuwa ametega sikio. Kilio cha mwanamke mzee wa Kigouro husikika kwanza kwa vicheko. Watu hulia, ndiyo, lakini katikati ya machozi wapo watani wanaomwita marehemu mchoyo, wanaovaa kitenge chake na kuchechemea kama yeye, wanaoficha sufuria za wapishi mpaka wapewe kitu. Leo kijiji chao cha Tofla kilikuwa kimya. Wanawake walilia kwa zamu, kwa adabu, kama watu waliopanga chumba wakaogopa kumwamsha mwenye nyumba.

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Tinan hakuwa mtu wa kukumbatia. Alimtazama bintiye kuanzia kilemba mpaka viatu, akamkabidhi mwiko.

"Kaburi limechimbwa?" Boinan aliuliza.

"Limechimbwa na wavulana wa kizuizi cha darajani, rafiki zake kaka yako. Wamechimba shimo la choo."

"Na watu wa Boulsa?"

"Baba yako kasema hakuna mgeni atakayeshika jembe kwenye kilio cha mama yake."

"Mgeni," Boinan alirudia.

"Ndivyo alivyosema. Koroga, wali unashika chini."

Boulsa ni kijiji cha ng'ambo ya kijito. Babu zao walisombwa na Wafaransa kutoka Volta ya Juu, Burkina Faso ya leo, enzi za kazi za lazima, wakaletwa kufyeka msitu wetu. Walikuwa Wamosi, na mahali walipopewa wakapaita jina la kwao. Sisi Wagouro na Wasamo wa huko Volta tumetoka tumbo moja, na Wasamo ni watani wa Wamosi tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo siku ya kwanza wale babu walipovuka kijito, mzee mmoja wa Tofla aliwaita watumwa wake, nao wakamwita mla mbwa, ujirani ukaanza hapo hapo. Tangu siku hiyo Tofla ikifiwa, Boulsa huchimba. Boulsa ikifiwa, Tofla huchimba. Watoto wa vijiji vyote viwili walizaliwa na mkunga mmoja.

Halafu vita vikaja, nchi ikakatwa kama kitambaa: juu, kaskazini, waasi, chini serikali, katikati askari wa kigeni. Tofla iliangukia upande wa chini. Vijana wakalaza magogo kwenye daraja la kijito, wakawa wanamwuliza kila apitaye kadi yake ya uraia, na baada ya kadi jina lake, na baada ya jina lake, la babu yake. Watu wa Boulsa walikuwa na kadi za Kodivaa kama sisi. Majina ndiyo yalikuwa ya Kimosi.

Rasmané Nikiéma alitoa kadi yake siku ya kwanza akitabasamu, kwa kuwa kijana aliyeiomba alikuwa Vanié, kaka yake Boinan, mtu aliyecheza naye mpira tangu wakiwa matumbo wazi. Vanié aliitazama mbele na nyuma. Kisha akaiweka juu ya gogo akaikata kwa panga.

Rasmané ndiye aliyekuwa akikata ndizi za Tinan na kuzipandisha kwenye lori. Zamani alikuwa anapanda naye, anashuka Adjamé alfajiri akiwa na mkungu begani na tusi mdomoni, na Boinan alikuwa anamngojea kwa tusi lake. Kwa muda mrefu wote wawili walidhani ule ni utani tu. Siku moja alichelewa, na Boinan akajikuta anawagombeza wateja bila sababu, mpaka alipomwona anakuja katikati ya matenga. Hapo akajua kimempata nini.

Baada ya kadi kukatwa, ndizi zilikuja bila yeye. Kila mchukuzi huweka alama kwenye mikungu yake ili isichanganywe. Wengi hutumia mkaa. Rasmané alikuwa anafunga utepe wa kitambaa chekundu kwenye shingo ya mkungu. Lori likifika, Boinan alikuwa anautafuta utepe kwanza kabla hajaangalia kama mzigo umetimia. Akiukuta, siku yake ilikwenda. Wenzake walimcheka kwamba amechumbiwa na mgomba.

Na haikuwa kwamba Rasmané hakuomba. Msimu wa mvua uliopita shangazi yake, Poko, aliyemlea baada ya wazazi wake kufa, alikuja naye kubisha hodi kwa Mzee Irié, baba yake Boinan. Alileta kokwa za kola na chupa ya pombe, kama inavyotakiwa, na kichwani alikuwa amejipangia matusi mazuri. Mzee Irié aliwapa viti. Akawapa maji. Akawauliza habari za safari, hali ya kuwa wametoka ng'ambo ya kijito. Akawaita wageni wetu wapendwa, akawashukuru kwa kumheshimu, akasema nyakati ni ngumu, kila mtu na aangalie kwao. Kisha akawasindikiza mpaka barabarani. Wanasema Poko alilia njia nzima. Hakulilia kukataliwa, maana wanawake wa makamo wamezoea kukataliwa na kurudi tena. Alisema, "Hakunitukana hata kidogo. Mtu niliyemfahamu miaka yote hii, amenisemesha kama mtu wa serikali."

Sasa Tinan alimpokonya Boinan mwiko.

"Nenda shamba la chini ukakate majani ya mgomba, nifunikie wali."

"Majani yapo hapa nyuma."

"Ya hapa yamechanika. Nimesema shamba la chini. Na usikae sana, maiti inatoka jua likiwa kichwani."

Boinan alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama sufuria.

Alimkuta Rasmané amesimama kati ya migomba, kofia mkononi. Amekonda. Hilo lilimuudhi, kwa sababu miezi yote hii alikuwa amemhifadhi moyoni na mashavu yake yote mawili.

"Umekonda, mtani."

"Wewe umenenepa. Abidjan mnakula mbwa wakubwa."

Walisimama hivyo, mbali kidogo kuliko watu wanaopendana, karibu kidogo kuliko majirani. Uzi wa buibui ulikuwa umenasa kwenye kilemba cha Boinan. Rasmané aliinua mkono autoe, akausimamisha mkono hewani, halafu akautoa uzi kwa ncha ya kidole bila kugusa hata kitambaa. Boinan alihisi joto la kidole kile kuliko kama kingemgusa.

Rasmané alimpa pole ya bibi. Akamsimulia kwamba Jumapili ile kabla hajaanguka, bibi alivuka daraja na mkongojo wake, wavulana wa kizuizi wanamtazama, akasimama mbele ya nyumba ya Poko na kupiga kelele kwamba mtumwa wake Rasmané ananyoa nywele vibaya, anamtia aibu kijijini. Halafu akageuka akarudi kwake. Hakuwa amekuja kwa lingine.

"Nilitaka nimchimbie kaburi," alisema. "Nilishanoa jembe."

"Baba amekataa."

"Najua." Aligeuza kofia mikononi. "Kesho asubuhi kuna malori yanatoka Bouaflé, yanapita Ghana kwa sababu ya vita, yanapanda hadi Ouagadougou. Shangazi anaondoka. Siwezi kumwacha aende peke yake, Boinan. Hana mtu mwingine."

Boinan alisikia maneno yale kama mtu anayesikia bei: alielewa yote, ila hakuamini.

"Utafikia kwa nani huko?"

"Kwa watu nisiowajua. Waliotangulia wanasema wanaitwa Wakodivaa. Wanachekwa wanavyosalimia."

"Hapa Mburkina, kule Mkodivaa. Sasa wewe kwenu wapi?"

Rasmané alimtazama, na macho yake yakafanya kitu ambacho Boinan hakuwahi kukiona, yakajifunga kama mlango.

"Usiniulize swali la darajani. Sio wewe."

Aibu ilimpanda Boinan mpaka masikioni. Ili aifukuze, akasema lile alilokuwa amelibeba tangu Abidjan bila kujua.

"Nichukue basi. Najua kukaa juu ya mizigo kuliko wewe."

Rasmané alifumba macho. Kama angekubali wakati ule angekuwa mtu mwingine, na huenda wangekuwa na furaha, sijui. Alipoyafumbua alisema polepole kwamba akimpandisha kwenye lori lile, Mzee Irié atakuwa amesema kweli. Watu watasema mgeni aliingia, akala, akaiba, akakimbia.

"Na mimi nitakuwa nimewasaidia kusema," alimaliza.

"Kwa hiyo heshima yako ni kubwa kuliko mimi."

"Ndiyo kitu pekee ambacho panga halijakikata."

Boinan alikata majani yake, akayakunja, akayaweka kichwani.

"Basi kaa nayo, ikupikie," alisema, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Alitaka sana kuitwa, na hakuitwa.

Jua lilipofika kichwani walitoa jeneza. Wanaume sita walibeba, Vanié mbele yao na fimbo yake ya kizuizi, maana siku hizi alikuwa haiachi hata akienda kulala. Mzee Irié alifuata, amenyooka kama nguzo. Tangu mama yake afe hakuna aliyemwona akilia. Vijana wote wa magogo walikuwa wamekuja kuzika, na daraja lilibaki bila mtu.

Kwa hiyo walipofika kwenye kona ya mashine ya kukoboa mpunga, njia ilikuwa imejaa watu waliolala chini.

Walikuwa wazee wa Boulsa, wanaume kwa wanawake, wamejinyoosha chali vumbini kuanzia mtaro mpaka mtaro. Katikati yao alikuwa Poko. Amekunja kitenge hadi magotini kama alivyokuwa akikunja Bibi Djénan, na mdomoni ameshika kiko kisicho na moto, upande uleule wa kushoto. Pembeni kabisa, karibu na mtaro, alilala Rasmané, mkono juu ya macho.

"Nani hao wanapita na mtumwa wangu kwenye sanduku?" Poko aliuliza, kwa sauti ya marehemu, ile yenye mkwaruzo. "Hajaniaga. Mla mbwa mkubwa huyu, mchoyo, miguu kama michi, leo anatoroka kazi."

Mahali fulani nyuma, mwanamke mmoja mzee alitoa kicheko, akakiziba kwa kiganja.

Vanié alisogea mbele. "Tokeni njiani. Nyie wageni, nasema tokeni."

Poko hakumtazama. Mtani habishani na watoto. "Irié," alisema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, "nakusubiri wewe."

Kila aliyekuwa pale alijua mambo yalivyo. Mtani akilala mbele ya maiti, maiti haiendi. Mwenye kilio humwuliza anataka nini, akampa. Lakini huyo awe mtani. Mgeni aliyelala njiani ni mtu aliyelala njiani tu, huondolewa kwa fimbo, na fimbo ilikuwepo. Mzee Irié alikuwa na neno moja la kusema, na neno hilo lingewaambia watu wote wa Boulsa wao na babu zao ni nani.

Boinan alikuwa kati ya wanawake, beseni la maji mikononi. Alimwona baba yake anamtazama Poko, kile kiko, yale magoti yaliyojaa vumbi.

"Mnataka nini?" Mzee Irié alisema. Hakuwaita watani. Hakuwaita wageni pia.

Poko aliinuka kwa kiwiko, akatoa kiko mdomoni.

"Jogoo sitaki. Mchele sitaki. Nataka mjukuu wake marehemu, yule anayeuza ndizi Adjamé. Nina kijana hapa ananikondea."

Watu walicheka. Walicheka kwa nguvu, kama watu waliobanwa siku nyingi. Kisha wakaiona sura ya Mzee Irié, na kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma. Boinan aliomba kimoyomoyo baba aseme lolote. Akisema ndiyo, hakuna mtu duniani angeweza kulirudisha neno lililotolewa juu ya maiti.

Rasmané alisimama.

Alijipangusa vumbi taratibu, akamwendea shangazi yake, akamshika mkono. "Hapana, shangazi. Inuka, tumpishe bibi."

Poko alimwuliza kama amerukwa na akili.

Rasmané alimgeukia Mzee Irié. Hakuinua sauti. "Mzee, nilikuja kumzika. Amenitukana tangu natambaa. Mke nilikuja kumwomba mlangoni kwako, ukanijibu. Siwezi kumwomba tena huku nimekukaba na jeneza la mama yako."

Akamwinua Poko, akamvuta pembeni ya njia. Mmoja mmoja wazee wa Boulsa wakaanza kuinuka, magoti yakilia. Boinan angeweza kumtupia lile beseni. Mpumbavu huyu. Mlango ulikuwa umefunguka kwa upana wa mwili mmoja, naye kaufunga kwa adabu. Na bado hajawahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile. Alimpenda hadi mbavu zikamuuma, akaona aibu kwa kuwa ilikuwa siku ya bibi.

Njia ikawa wazi. Vanié aliashiria kwa fimbo waendelee.

Wabebaji hawakuendelea.

Walikuwa watu wazima, waliozika wengi. Mmoja alisema mzigo umekuwa mzito. Mwingine akasema si kazi yake kumpitisha mwanamke huyu mbele ya watani mikono mitupu. Wakaangalia chini. Hapo Tinan akatoka kwenye kundi la wanawake, mikono ingali na unga, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Irié, mimi na mama yako hatukupatana miaka yote, unajua. Lakini aliyekuwa anamchekesha ni huyo Poko. Unataka umzike kama mtu aliyekufa stendi?"

Mzee Irié alimtazama Poko, aliyekuwa anakung'uta kitenge.

"Poko."

Poko aliinua kichwa.

"Poko mtumwa, mdomo kama mtungi wa pombe ya mtama. Nani kakuruhusu uvae kama mama yangu? Mama yangu alikuwa mzuri. Wewe hivyo ulivyo unafanana na mbuzi aliyevishwa pazia." Sauti ilimkatika katikati, lakini hakunyamaza. "Jogoo utachukua, upende usipende. Na hao wavivu wako washike majembe, wakalirekebishe lile shimo. Mama yangu hawezi kulala kwenye choo."

Kisha akalia. Alilia amesimama vilevile kama nguzo, na watu wakamwachia alie. Poko alikaa chini pale pale vumbini, akalia naye, huku anamwambia mla mbwa huyu, mla mbwa huyu, basi inatosha.

Rasmané alikuwa wa kwanza kushuka kaburini. Alipopita mbele ya Mzee Irié na jembe begani, mzee alisema bila kumtazama, "Binti yangu hagawiwi njiani. Nyumba yangu ina mlango. Matanga yakiisha, atakayebisha atajibiwa."

Boinan alilisikia. Hakusema atapewa, alisema atajibiwa. Mtu wa soko hajidanganyi juu ya maneno ya namna hiyo. Lakini jana hata hilo halikuwepo.

Jioni, wakati wa kuosha sufuria, alimwuliza Poko kama sasa safari imekufa. Poko alikuwa anatafuna shingo ya jogoo wake.

"Mwanangu, baba yako kanitukana vizuri. Leo nitalala. Lakini umemwona kaka yako? Karudi darajani. Tusi haliondoi gogo barabarani." Alitema kijifupa. "Mimi ni mzee. Nataka kulala mahali ambapo siulizwi jina la babu yangu."

"Na Rasmané?"

"Nimemwambia abaki. Amesema mtu anayeniacha nipite Ghana peke yangu hawezi kuwa mume wa mtu. Mkaidi kama marehemu babake. Utapata taabu."

Asubuhi Boinan alikuwa stendi ya malori Bouaflé kabla jua halijakomaa. Familia zilikuwa zimekaa juu ya magodoro yaliyofungwa kamba, kuku ndani ya vikapu, mashine ya kushonea, mlango wa mbao ambao mtu aliung'oa nyumbani kwake akaona hawezi kuuacha. Hakuna aliyekuwa analia. Watoto walikuwa wanauliza kama Ouagadougou kuna mto.

Rasmané alishuka kutoka juu ya mzigo. Walisimama ubavuni mwa lori, watu wakipita katikati yao na mabegi, na kila mara mtu akipita ilibidi watafutane tena kwa macho.

"Nilikuambia heshima yako ikupikie," Boinan alisema.

"Ulisema."

"Nilikuwa na hasira."

"Najua. Ukiwa na hasira unabeba majani kichwani kama askari." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Nitarudi kabla matanga hayajaisha."

"Kwa kadi gani?"

Mpaka ulikuwa mpaka, na baada ya mpaka kulikuwa na magogo mangapi, na Vanié wangapi. Rasmané alimshika mkono, hadharani, kwa mara ya kwanza maishani mwao, na wote wawili wakautazama ule mkono kama kitu walichookota. Boinan alitamani dereva afe kidogo, si sana, apone baada ya wiki.

Utingo akapiga bodi ya lori. Rasmané akauachia mkono wake kidole kimoja kimoja, akapanda kumfungia shangazi yake mizigo.

Boinan alipangusa macho kwa ncha ya kilemba. Akazunguka mbele, kwenye usukani, alipokaa dereva mnene anakunywa kahawa.

"Mkirudi mnapakia nini, mjomba?"

"Hatupakii. Kwenda tumejaa, kurudi tunarudi watupu. Hasara tupu, dada."

"Huko juu vitunguu vimekomaa sasa hivi. Adjamé vinagombaniwa kama maji. Nipakilie lori zima. Mimi ni Irié Lou Boinan, muulize mwanamke yeyote wa Kigouro pale sokoni kama ninalipa."

Dereva alishusha kikombe. Akamtazama vizuri.

"Nani atachagua mzigo? Mimi vitunguu sivijui."

"Nina msimamizi. Utamwandika utingo wako. Utingo haulizwi kadi, anaulizwa mzigo. Wewe unajua hilo kuliko mimi."

Dereva aliinua macho juu ya kioo. Kule juu, Rasmané alikuwa ameacha kufunga kamba, ameinama ukingoni, anasikiliza.

"Yule mrefu?"

"Yule."

"Dada, nikuambie ukweli. Njia ya Ghana ni ndefu, na kwenye vizuizi tunaweza kukalishwa siku kadhaa juani. Vitunguu vikioza?"

Boinan hakuwa anamtazama dereva tena. Alikuwa ameinua uso, na kule juu uso mwingine ulikuwa umemwinamia.

"Vioze," alisema. "Yeye afike."